Nilivyomwangusha Daktari wa Ng'ombe kwenye Kura za Maoni

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mpaka nikaomba lifti ikwame nami nikiwa ndani. Lifti ya jengo letu hapa Mount Dennis, Toronto, hukwama kila wiki bila kuombwa. Ya leo, kule Etobicoke, imeshuka vizuri kabisa na kunifungulia mlango.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia kwingine. (Najua kuna mtu amerekodi. Siku hizi aibu bila video haihesabiki.) Naandika nikiwa chooni, mlango nimeufunga, kwa sababu sebuleni kila mtu ananitazama kwa huruma na siitaki.

Nianze na lile jimbo, maana bila jimbo hamtaelewa ukubwa wa dhambi yangu.

Kabla ya kuhamia mjini nilikaa miaka mitatu mashambani, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka Toronto, nikivuna uyoga kwa kibali cha kazi. Jimbo lile ni mahindi, soya, ng'ombe wa maziwa na makanisa. Mji wake mkubwa una taa za barabarani mbili, moja mbovu. Na ukifika uchaguzi wa bunge la Kanada, jimbo lina chama chake. Si chetu. Kile kingine. Babu zao walikichagua, baba zao wakakichagua, nao wanakichagua. Kikisimamisha ndoo ya maziwa, ndoo inakwenda kuapishwa Ottawa.

Mara moja tu waliteleza. Zamani sana, kile chama kiligombana chenyewe kikapasuka vipande viwili, kura zikagawanyika, na katikati akapenya mwalimu mmoja wa shule wa chama chetu. Akakaa kipindi kimoja, basi. Mpaka leo wazee wa kule hawataji tarehe, wanasema tu "ule mwaka", na sauti wanaishusha, utadhani wanazungumzia mwaka wa nzige.

Tangu ule mwaka, chama chetu kimekuwa kikisimamisha watu wa kuanguka. Wa karibuni ni Marjorie.

Marjorie ni daktari wa mifugo aliyestaafu. Ana miaka sitini na nane, na mguu mmoja unachechemea tangu ng'ombe alipomkanyaga. Amegombea mara nne. Ameanguka mara nne.

Nilimjua wakati wa kampeni yake ya pili. Alibisha hodi kwenye bweni letu la wavuna uyoga, theluji imemjaa kofiani, vipeperushi mkononi. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, sisi hapa ni wageni. Hatuna kura."

"Najua," akasema. "Lakini baridi ni hii hii kwa wote. Mna chai?"

Akanywa vikombe viwili. Akamkagua paka wetu jicho lililokuwa likitoa machozi, akamsafisha kwa chai ya vuguvugu, akaondoka bila kutaja siasa hata kidogo. Mgombea mwingine yeyote hakuwahi kuja pale. Siku ile nilijua mambo mawili: huyu mama hatashinda maisha, na mimi nitamfuata popote aendapo.

Sasa, mimi ni Mnyamwezi. Mnyamwezi bila mtani ni mgonjwa. Mashambani kule ningempata wapi Mzaramo wa kumtukana asubuhi ili siku iende vizuri? Marjorie akaliziba pengo hilo. Yeye: "Shija, leo umevaa makoti mangapi? Umebakiza lolote dukani?" Mimi: "Daktari, ile hotuba ya kukubali matokeo umeshaihifadhi kichwani, au bado unasoma?" Anacheka mpaka anashika ubavu. Nikamweleza kwamba kwetu huu ni utaratibu kabisa, una jina, unaitwa utani, watu wa kabila hili na lile wanasemana vibaya na kununa ni marufuku. Akafurahi sana. Akasema, "Basi mimi ni mtani wako." Tukapeana mikono zizini kwake, juu ya mgongo wa kondoo.

Nilimweleza utani wote isipokuwa sehemu ya msibani. Sikuona haja. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Tuje kwenye leo.

Chama kilikuwa kinafanya kura za maoni kumpata mgombea wa jimbo lile kwa uchaguzi ujao. Wanaopiga ni wanachama wa kule kule, ila kamati ya kusikiliza wagombea inakaa Toronto, kwenye ofisi moja ghorofa ya tano huko Etobicoke. Safari hii Marjorie alikuwa na mpinzani, wakili kijana wa katikati ya mji, anaitwa Trevor. Wiki saba zilizopita Marjorie alinipigia simu.

"Shija, nataka mara moja tu zaidi," akasema. "Safari iliyopita tulikuwa wa pili. Tangu ule mwaka hatujawahi kuwakaribia namna ile. Nataka kabla sijafa nilione jimbo letu linajishangaa lenyewe." Halafu akaongeza, "Nikikosa hapa, basi tena. Sitajaribu tena."

Kazi aliyonipa ilikuwa moja: niieleze kamati historia ya upigaji kura ya jimbo, kituo kwa kituo, ili waone kwamba hakuwa anaanguka tu. Alikuwa anaanguka huku anapanda.

Nikaikubali kama mtu aliyepewa ubunge. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, lakini wikendi saba nilikaa na matokeo ya miaka yote, kalamu za rangi tatu, chai haikauki. Na nikagundua kitu, ndugu zangu. Kusini mwa jimbo, ambako wamejenga nyumba mpya za watu wanaofanya kazi Toronto, kura zake zinaongezeka, hilo kila mtu analijua. Lakini zinaongezeka pia katika vituo fulani vya ndani kabisa, kumbi za kanisa katikati ya mahindi. Nikampigia kumuuliza kuna nini kule. Akafikiri. Akaanza kunitajia mashamba: hapa alizalisha ng'ombe aliyekwama, pale alikesha na farasi aliyeumwa tumbo. Nikaweka alama kwenye ramani. Kila penye mnyama aliyemponya, pana kura. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi.

Leo asubuhi nimevaa suti yangu nyeusi na tai nyeusi. (Ni ya misiba. Ndiyo niliyo nayo. Hili litakuja kunimaliza.) Mke wangu, Rehema, akanifunga tai huku ananipa maagizo.

"Soma karatasi yako, kaa chini, nyamaza."

"Sawa."

"Shija, rudia nilichosema."

"Nisome, nikae, ninyamaze."

Binti yetu Neema, miaka kumi na miwili, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Baba, please, don't do the voice."

"Sauti gani?"

"Any voice."

Watoto wa huku Kiswahili wanakielewa, ila kuonya wanaonya kwa Kiingereza, na sisi wazazi tunafanya hatukusikia.

Marjorie alikuwa ananisubiri mlangoni mwa jengo, ameendesha kutoka shambani tangu alfajiri. Amevaa koti lake la zizini, la kijani lililopauka, na kofia yenye masikio. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Tai nyeusi? Nani amekufa?"

"Bado," nikamwambia. "Tunasubiri matokeo."

Tukacheka wote wawili. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka leo.

Chumbani kulikuwa na meza ndefu, skrini kubwa ukutani, na wajumbe watatu wa kamati. Mwenyekiti ni mama mmoja anaitwa Lorraine, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Akafungua mkutano, akasema maneno mengi ya utaratibu. Sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu kichwani wageni wa kuwatambua, nisije nikamruka mtu. Kwetu mzungumzaji akimsahau mheshimiwa mmoja kwenye salamu, hotuba nzima imeharibika. (Kumbe katika maneno yale ya utaratibu kulikuwa na sentensi moja ambayo ingeniokoa. Tutaifikia.)

Akaanza Trevor. Anaongea vizuri, siwezi kumsingizia. Ila alituonyesha picha yake amesimama kando ya trekta, amevaa mabuti mapya, na Marjorie akaninong'oneza, "Lebo ya dukani bado iko kwenye buti." Nikajiuma midomo.

Zamu yangu. Nikasimama, nikakohoa kidogo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati. Waheshimiwa wajumbe. Mheshimiwa mgombea Trevor. Mama yangu, mlezi wangu, Daktari Marjorie. Fundi wa mitambo pale kwenye kona. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Bwana Shija," akasema Lorraine taratibu, "una dakika sita. Umeshatumia moja na nusu."

Nikaruka fursa adhimu, nikaingia kwenye historia. Na hapo, jamani, niacheni nijisifu, maana ndicho kitu pekee kilichobaki. Niling'ara! Nikawapitisha kwa babu na baba. Nikawapitisha kwenye ule mwaka. Nikafungua ramani ya mwisho, nikasema, "Hizi nukta nyekundu ni wanyama aliowaponya. Hizi za bluu ni vituo ambako kura zimepanda." Zilikaa moja juu ya nyingine. Mjumbe mmoja akasema "Ho!" kwa sauti. Lorraine akavaa miwani. Marjorie alikuwa ananitazama kama mama anayemwona mwanawe anapokea cheti.

Nikasoma. Nikakaa. Nikanyamaza. Rehema angejivunia.

Mchango wangu ungeishia hapo, sasa hivi nisingekuwa chooni.

Lorraine akamgeukia Marjorie. "Daktari, kazi hii ni nzuri sana. Lakini lazima nikuulize. Umeshindwa mara nne. Kwa nini tukuamini mara ya tano?"

Marjorie akasimama. Akakunjua karatasi yake. Akaufungua mdomo, akaufumba. "Safari iliyopita," akasema, "usiku ule kwenye ukumbi, nilidhani..." Akasita. Akavua miwani. Mabega yakaanza kutikisika.

Lorraine akainamisha kichwa. Wajumbe nao wakainamisha. Mmoja akasukuma boksi la tishu juu ya meza, polepole, bila kusema kitu. Mimi nikatazama: vichwa vimeinama, tishu zinapitishwa, mama analia, na mimi nimevaa tai nyeusi.

Niambieni nyinyi. Huu si msiba?

Wakenya na Wakongo mliomo humu, nawaelezeni. Kwetu mtani ana kazi msibani. Watu wakilia mpaka wakazidiwa, mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anamsema ubahili na ulafi wake, anajilaza hata chini akajifanya ndiye maiti, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanakauka. Hakuna anayemkasirikia. Asipofanya ndipo watu wanauliza, "Watani wako wapi? Tumetupwa?" Mimi nilimwona rafiki yangu anazama, na mtani wake ni mimi peke yangu katika Kanada nzima. Ningekaaje?

Nikanyanyuka. Nikachukua koti la zizini kwenye kiti chake, nikalivaa juu ya suti. Nikavaa kofia yenye masikio.

Na nikaifanya sauti.

"Hodi, hodi!" Nikagonga meza huku nachechemea. "Mimi ni Marjorie, mgombea wenu. Nimekuja kuomba... Aa! Huyu mbwa ana kupe!" Nikapiga magoti nikamkagua mbwa asiyekuwepo, masikio, meno, makucha. "Haya, kwaherini." Nikachechemea mpaka mlangoni, nikajipiga paji la uso. "Kura! Nimesahau kuomba kura!"

Mjumbe mmoja akapasuka kicheko. Lorraine akaziba mdomo kwa mkono. Inafanya kazi! Nikapanda moto. Nikamwigiza alivyopotea njia na kufanya kampeni saa nzima katika jimbo la jirani. Nikamwigiza anavyomtetea mpinzani wake mlangoni kwa mpiga kura: "Hapana, hapana, yule ni mtu mwema, ana bata wazuri sana." Trevor alikuwa anacheka huku anaandika. (Anaandika! Nikadhani amependa.)

Halafu nikamleta Earl.

Earl ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, jirani wa Marjorie miaka yote. Kadi ya chama chetu aliichukua kwa heshima ya ndama aliyeokolewa. Lakini siku ya uchaguzi wa bunge anapiga kama alivyopiga baba yake. Nyuma ya mlango wa ghala lake ana mabango matatu ya kuchomeka uani, ya vyama vitatu. Akiona vumbi la gari la mgombea barabarani, anachungulia ni nani, anakimbia, anachomeka bango linalohusika. Mimi na Marjorie tulimwona kwa macho yetu tukiwa tumefika mapema kuliko alivyotarajia. Marjorie akanibana mkono nisicheke, tukaenda zetu kunywa kahawa jikoni kwake, na hakulitaja tena.

Mimi leo nimelitaja. Nimelitaja kwa mwili mzima. Nimekimbia kuizunguka meza na rula tatu mkononi, nachungulia, nachomeka, nachomoa, "Mungu wangu, ni yupi huyu, bluu au nyekundu!", tumbo nimelitoa mbele kama la Earl. Chumba chote kilikuwa kinalia kwa kicheko. Fundi wa mitambo alikuwa ameshika ukuta.

Nikamalizia kama inavyotakiwa kimila. Nikajilaza chali sakafuni, mikono kifuani, kofia yenye masikio usoni.

"Hapa amelala Daktari Marjorie," nikatangaza. "Ameanguka mara nne. Sakafu yenyewe imeshamzoea mgongo!"

Kicheko kikakatika. Hakikufifia, kilikatika. Nikasikia sauti ya mzee, nzito, kutoka juu ya ukuta.

"Huyo ni mimi?"

Nikaondoa kofia usoni. Kutoka pale sakafuni nikaitazama skrini. Ramani yangu ilishaondolewa zamani. Mahali pake kulikuwa na visanduku vya nyuso, safu kwa safu, jikoni kwa jikoni: wanachama wote wa jimbo, wazee wa kule, wake zao, kofia zao, vikombe vyao vya kahawa. Na kwenye kisanduku cha katikati, mwekundu kama nyanya, Earl.

Ile sentensi ya utaratibu ilikuwa hii: "Nawakaribisha wanachama wanaotufuatilia moja kwa moja kutoka jimboni."

"Nauliza tena," akasema Earl. "Yule mwenye mabango ni mimi?"

Ungenikata usingepata damu. Nikasema kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyosema leo, na leo nimesema vingi. Nikasema, "Shikamoo, mzee," kwa Kiswahili, nikiwa bado nimelala.

Earl hakuwa anazungumza na mimi.

"Marjorie," akasema. "Nilikukaribisha jikoni kwangu. Mke wangu alikukatia keki. Kumbe mkitoka kwetu mnakwenda kutuchekea Toronto."

Nyinyi mlioishi mjini tu hamjui neno hilo linavyotamkwa kule. Toronto. Ni kila ofisi iliyofungwa, kila anayewaona washamba, kila aliyekuja na mabuti mapya. Miaka yote Marjorie alikuwa wa chama kisichopendwa, lakini hakuna aliyewahi kumwita mtu wa Toronto. Nimeifanya kazi hiyo mimi, kwa dakika nne.

"Earl," akasema Marjorie. "Earl, nisikilize. Sijamwambia mtu yeyote. Huyu kijana hakukusudia..."

Kisanduku cha Earl kikawa cheusi. Kikafuata cha jirani yake. Kikafuata kingine, na kingine, kimya kimya, kama taa za nyumba watu wanapokwenda kulala. Niliitambua ile safu. Zilikuwa nukta zangu nyekundu. Ndama, farasi, ng'ombe aliyekwama.

Waliobaki ndio waliopiga kura. Sitawaambia ziligawanyika vipi. Trevor ndiye mgombea wa jimbo. Alipopita kunipa mkono alisema, "Asante, kaka. Ile ya kuomba kura kabla hujamkagua mbwa nimeiandika." Sikuwa na nguvu hata za kumchukia.

Chumba kikaisha watu. Mimi bado nimesimama pale na koti lake na kofia yake, nimesahau kabisa kwamba nimevivaa. Marjorie akaja mbele yangu.

"Naomba koti langu, Shija. Funguo za gari zimo mfukoni."

Nikalivua. Nilitaka kumsaidia kulivaa, akalichukua akalivaa mwenyewe. Kwenye lifti tukasimama bega kwa bega tunatazama namba zinavyopungua. Hapo ndipo nilipoomba ikwame.

Nilidhani ataniacha kwenye maegesho, na ningemshukuru. Lakini akafungua mlango wa upande wangu akasema, "Panda. Nitakushusha kwako." Ningependa angenitukana. Gari lilinuka kondoo, na kiti cha nyuma kulikuwa na chupa ya jemu ya tufaha imeandikwa jina la Rehema.

Njia nzima nilijieleza. Nikamwambia yote kuhusu msiba, mtani, nguo za marehemu, kujilaza chini. Nikamwambia si kejeli, ni upendo, ndio upendo mkubwa tulio nao kwa watu wasio wa damu yetu. Nikamwambia watu kwetu hucheka katikati ya machozi, na baadaye humshukuru mtani. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu hapa chini ya jengo letu.

"Na huyo marehemu," akauliza. "Naye hucheka?"

Nilitafuta jibu. Nina shahada, nina maneno mengi kama mnavyonijua, nimetafuta jibu mpaka taa ikawa kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Sikulipata.

"Kesho nitakwenda kwa Earl," akasema. "Peke yangu."

Akanipa chupa ya jemu. Nikashuka.

Rehema alinifungulia mlango, akaniona uso, hakuuliza matokeo. Neema akainua macho kwenye simu kwa mara ya kwanza leo. "You did the voice," akasema.

Basi, ndugu zangu, hayo ndiyo yangu. Atakayecheka acheke, simzuii. Ila wale mnaoanza kulea utani ugenini, shikeni sharti hili ambalo hakuna aliyewahi kunitajia: kabla ya kujilaza kwa niaba ya maiti, hakikisheni kwanza amekufa.